ZAKA NA SADAKA KWA WALIOPATWA NA MAAFA NG'AMBO YA ZIWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mwezi wa Machi, mwaka 2023, kimbunga kiitwacho Freddy kiliipiga Malawi upande wa kusini. Vilima vya Blantyre viliporomosha matope juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 600, mbali na mamia waliopotea. Serikali ya Tanzania ilipeleka chakula, mablanketi na mahema, na mataifa mengine yakasaidia. Malawi ni jirani wa Mbinga na Mbamba Bay. Ziwa ni moja.

SUALA: Je, Muislamu wa Mbinga aweza kuwapelekea zaka yake watu wa maafa kama hayo?

JAWABU: Kwanza, na aijue mali ipasayo zaka. Mahindi yaliyolimwa katika ngolo ni chakula cha kuishi. Yakitimia wasaki tano, hutolewa fungu moja katika kumi kwa yaliyonyeshewa na mvua, na nusu yake kwa yaliyomwagiliwa kwa gharama. Ama kahawa, katika madhehebu ya Shafi'i haina zaka ya mazao. Ila aifanyiaye biashara hutoa zaka ya biashara.

Pili, kauli yenye nguvu, aliyoithibitisha Imamu Nawawi katika Minhaj, ni kwamba zaka haihamishwi maadamu wapo mjini wanaoistahiki. Fakiri wa Mbinga ameyaona mahindi yakikua, na tumaini lake limeshikamana nayo. Wakikosekana wastahiki, hupelekwa mji ulio karibu zaidi. Wapo mafakihi wa Kishafi'i waliojuzisha kuihamisha, lakini si vema fakiri wa jirani alale na njaa kwa fatwa hiyo.

Tatu, asiifanye hukumu hii kuwa kisingizio cha ubakhili. Mlango wa sadaka u wazi: haina nisabu wala mpaka wa nchi, na hupewa hata asiye Muislamu, ambaye zaka hapewi. Basi fardhi ya mahindi na ibaki kwa mafakiri wa Mbinga, na fedha ya kahawa imvushie ziwa aliyefikwa na mafuriko.

Nne, akabidhiye zaka yake kwa chama au mtu, huyo ni wakili wake tu; fardhi haimtoki mpaka imfikie mstahiki. Basi na achague mwaminifu, na wakili naye aandike alichopokea na alichotoa.

Wallahu aalam.