Panya na Homa ya Lassa

Wengi wetu tukiambiwa kwamba panya ni adui wa afya, hufikiri juu ya meno yake. Lakini viko virusi vinavyomfikia mtu kutoka kwa panya bila ya kuumwa, na pengine bila hata ya kumwona panya mwenyewe.

Tuchukue mfano wa homa ya Lassa. Lassa ni mji mdogo ulioko kaskazini-mashariki ya Nigeria. Mwezi wa Januari 1969 muuguzi mmoja wa misheni ya huko alishikwa na homa na maumivu ya koo. Alipelekwa kwa ndege mpaka hospitali ya Jos, akafa. Muuguzi aliyemtunza naye akaugua, akafa. Wa tatu alisafirishwa mpaka New York, na baada ya kuugua sana akapona. Damu yake ilichunguzwa katika Chuo Kikuu cha Yale, na humo Dakta Jordi Casals na wenzake wakavipata virusi ambavyo havijapata kujulikana. Mwaka ule ule Dakta Casals akaugua yeye mwenyewe. Alitiwa maji ya damu ya yule muuguzi aliyepona, naye akanusurika. Fundi mmoja wa maabara hapo hapo Yale hakunusurika.

Basi, virusi hivi hukaa wapi wakati ambapo hakuna mgonjwa? Jibu lilipatikana Sierra Leone mwaka 1972, maradhi yalipozuka huko na panya wakanaswa na kupimwa. Mwenye kuvihifadhi ni panya wa mashamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Jike lake huweza kuwa na chuchu 24, na huzaa watoto wengi kwa mara moja. Nafaka ikisha vunwa, humfuata mkulima mpaka nyumbani. Virusi havimdhuru yeye, bali hutoka katika mkojo na mavi yake, vikabaki juu ya unga, vyombo na sakafu. Mtu huvila, au huvigusa akiwa na mchubuko, au huvivuta puani pamoja na vumbi.

Ugonjwa huanza baada ya siku 6 mpaka 21. Katika kila watu 10 walioambukizwa, kama 8 hawaugui sana, na kwa kuwa mwanzo wake ni homa tu, ni rahisi kudhaniwa malaria. Wengine hutokwa na damu na kufa. Baadhi ya wanaopona hubaki viziwi.

Msomaji atauliza, je, kwetu? Panya huyo huyo yupo Tanzania, na mkulima wa mahindi anamfahamu vema. Lakini homa ya Lassa ni ya Afrika ya Magharibi. Panya wa huku wamekutwa na virusi vya jamaa hiyo, vikaitwa virusi vya Morogoro, navyo havijajulikana kumwuguza mtu. Ile homa ya mgunda iliyoua watu 3 huko Ruangwa mwaka 2022 hutokana na bakteria, si virusi (wanafunzi huchanganya mambo haya katika mtihani), ingawa nayo huletwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo.

Kwa hiyo ukikuta mavi ya panya ghalani au chini ya kitanda bwenini, usifagie yakiwa makavu, maana vumbi litakuingia puani. Fungua madirisha, nyunyiza maji yenye dawa ya klorini, ngoja kidogo, kisha futa kwa kitambaa, na kitambaa hicho kizikwe au kichomwe moto.