Fedha Binafsi kwa Safari za Kisayansi za Anga: Mwongozo kwa Waandaaji wa Maombi ya Ufadhili

Mwongozo huu unawahusu watafiti, wahandisi, maofisa wa miradi na wahasibu wanaotafuta fedha nje ya bajeti ya serikali kwa ajili ya chombo cha kisayansi cha angani. Fedha hizo zinaweza kutoka kwa tajiri mmoja, kwa mfuko wa hisani, au kwa maelfu ya wachangiaji wa kawaida. Hauzihusu kampuni zinazouza huduma, kwa kuwa mwekezaji hungoja faida, ilhali mfadhili wa sayansi hana anachorudishiwa isipokuwa maarifa.

Kanuni kuu ni moja: bajeti iandikwe kuanzia mwisho. Anza na data unazotaka ziwafikie watafiti, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye roketi. Wafadhili huvutwa na siku ya kurusha. Sayansi hupatikana katika miezi na miaka inayofuata, na mara nyingi wakati huo ndipo akaunti inapokauka.

Ukubwa wa ombi

Kabla ya kuandika barua ya kwanza, pima ombi lako kwa miradi iliyokwisha kujaribiwa. Mwaka 2012 taasisi ya B612 ya Marekani, ambayo miongoni mwa waasisi wake ni wanaanga Ed Lu na Rusty Schweickart, ilitangaza darubini ya Sentinel. Darubini hiyo ingelizunguka jua katika njia iliyo karibu na ya sayari ya Zuhura, ikitafuta asteroidi zinazoweza kuigonga dunia. Gharama ilikadiriwa kufika dola milioni 450, zitokane na michango. Lengo lilikuwa la maana kwa kila binadamu, waliolisimamia walikuwa wajuzi, na NASA ilikuwa imekubali kushirikiana nao. Hata hivyo fedha hazikuja kwa kiwango kilichotakiwa. Mwaka 2015 NASA ilisitisha makubaliano kwa sababu hatua zilizopangwa hazikuwa zimefikiwa, na hatimaye mradi ukaachwa. Kazi ya namna hiyo sasa imo mikononi mwa fedha za umma, kupitia darubini ya NEO Surveyor ya NASA.

Kilichofuata ndicho ninachowaomba waandaaji wakisome kwa makini. B612 iligeukia programu za kompyuta zinazopekua picha za zamani za darubini za ardhini, na mwaka 2022 ikatangaza asteroidi 104 zilizogunduliwa kwa njia hiyo, bila kurusha chombo chochote. Kwa hiyo swali la kwanza katika kikao cha maandalizi liwe hili: je, jibu tunalolitafuta halimo tayari ndani ya data zilizokwisha kukusanywa? Kama limo, ombeni fedha za wachambuzi na kompyuta. Ni ombi dogo, na mfadhili atayaona matokeo yake mapema.

Upande wa pili upo mfano wa LightSail 2 wa chama cha Planetary Society. Chombo chenyewe kilikuwa cha sentimita 10 kwa 10 kwa 30, kikabeba tanga la mita za mraba 32 linalosukumwa na mwanga wa jua. Kilirushwa Juni 2019 na kufungua tanga lake Julai mwaka huohuo. Mradi mzima uligharimu takriban dola milioni 7 katika muda wa miaka 10 hivi, zilizotolewa na watu wapatao 50,000. Kiasi cha namna hiyo kinachangishika, hasa panapokuwa na chama chenye wanachama wa miaka mingi wanaouamini uongozi wao.

Angalia lakini hesabu isiyoonekana. LightSail 2 ilipanda roketi iliyolipiwa na jeshi la anga la Marekani, na chombo kilichoitangulia mwaka 2015 kilirushwa chini ya mpango wa NASA wa kubeba setilaiti ndogo. Afrika Mashariki nako hali ni hiyo: setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018 kupitia mpango wa KiboCUBE wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Kila msaada wa namna hii uwekwe katika bajeti kwa thamani yake halisi, hata kama haulipwi. Msaada ukiondolewa, bodi ijue papo hapo ni pengo la ukubwa gani.

Ahadi na fedha zilizoingia

Yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anajua tofauti kati ya ahadi iliyoandikwa daftarini na fedha iliyopokelewa. Tofauti hiyo itunzwe katika kila taarifa ya mradi, katika safu mbili zisizochanganywa.

Zawadi za mashindano zisihesabiwe kabisa. Shindano la Google Lunar X Prize, lililotangazwa mwaka 2007 na kuahidi dola milioni 20 kwa timu ya kwanza kutua Mwezini, lilifungwa mwaka 2018 bila mshindi. SpaceIL ya Israeli, mojawapo ya timu zilizoshindana, iliweza kuendelea kwa sababu ilikuwa na wafadhili wake, akiwamo Morris Kahn. Chombo chao, Beresheet, kiligharimu takriban dola milioni 100, kikafika hadi Mwezini na kuanguka tarehe 11 Aprili 2019 kilipokuwa kinatua. Chombo cha pili kilipoanza kuandaliwa, wafadhili wakuu walijiondoa mwaka 2023. Haikuwa dhambi yao. Mtu ana haki ya kubadilisha mipango ya mali yake. Ila mkataba wenu utamke muda wa taarifa ambao mfadhili atautoa kabla ya kujiondoa, na uweke akiba ya kulipa mishahara na madeni katika muda huo.

Malipo yafuate awamu: usanifu, ujenzi, majaribio, kurusha, uendeshaji. Kila awamu iwe na kitu kinachoweza kukaguliwa na mtu asiye wa timu. Pale ambapo fedha ni za umma mpana, elezeni mapema zitarudishwa vipi mambo yakikwama. Kampuni ya Planetary Resources ilikusanya dola milioni 1.5 mwaka 2013 kwa darubini ya angani itakayotumiwa na wachangiaji. Mwaka 2016 ilifuta mpango huo na kuwarudishia watu fedha zao. Ni mwenendo wa kuigwa, na unawezekana tu ikiwa fedha za wachangiaji hazijachanganywa na matumizi mengine.

Kushindwa nako kuandikwe kwa maneno ya wazi. Tanga la kwanza la Planetary Society, Cosmos 1, lilipotea tarehe 21 Juni 2005 baada ya roketi iliyorushwa kutoka nyambizi ya Urusi kufeli. Wanachama walichanga tena. Sidhani wangefanya hivyo kama wangekuwa wamehakikishiwa kwamba hakuna kitakachoharibika.

Baada ya kurusha

Katika kila ombi sehemu hii ndiyo huandikwa mwisho, kwa haraka, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. MethaneSAT, setilaiti ya shirika la mazingira la Environmental Defense Fund, iligharimu dola milioni 88 na kurushwa Machi 2024 ili kupima gesi ya methani inayovuja kutoka visima vya mafuta na gesi. Mawasiliano yalikatika Juni 2025, baada ya mwaka mmoja na ushei tu. Hasara ni kubwa. Hata hivyo data zilikuwa zikichakatwa na kutolewa bure kadiri zilivyopatikana, kwa hiyo vipimo vilivyokwisha kufanyika vinaendelea kutumika. Kama uchakataji ungengoja fedha za mwaka wa tatu, watafiti wangebaki na mafaili ghafi.

Kwa sababu hiyo, fedha za angalau mwaka mmoja wa uendeshaji ziwe katika akaunti tofauti kabla mkataba wa roketi haujasainiwa. Zijumuishe muda wa antena, mishahara ya wanaoongoza chombo kwa zamu, wachakataji, na ghala la kudumu la data. James Lick wa California alitoa dola 700,000 kwa ajili ya darubini, akafariki mwaka 1876. Ilipokamilika mwaka 1888 ilikabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha California, na mwaka 1892 Edward Barnard akaitumia kugundua mwezi wa tano wa sayari ya Mshtarii. Tajiri alijenga, chuo kikatunza. Katika ombi lako, taja ni nani atakayetunza.

Vibali na haki

Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unaibebesha serikali wajibu wa kuidhinisha na kusimamia shughuli za angani za raia na taasisi zake, kwa hiyo hakuna chombo binafsi kisicho na serikali nyuma yake. Leseni ya masafa ya redio iombwe mapema. Kampuni ya Swarm ilirusha setilaiti ndogo mwaka 2018 bila idhini ya tume ya mawasiliano ya Marekani, ikakubali kulipa dola 900,000.

Jina la mfadhili linaweza kuwekwa kwenye chombo. Lisiwekwe kwenye matokeo. Mkataba umnyime haki ya kuchelewesha chapisho, kuchagua data za kutolewa, au kuzuia taarifa ya jambo lisilofanikiwa. Akikataa masharti hayo, rudisheni hundi yake.

Chombo kikiisha kazi, taarifa ya mwisho iende kwa wachangiaji wote, wakubwa kwa wadogo. Itaje fedha zilivyotumika, kilichoharibika, mahali data zilipohifadhiwa, na ofisi itakayojibu maswali baada ya timu kuvunjwa.