*RAMADHANI 14: MTOTO ANAWEZA KUJITOA MIKONONI MWA WAZAZI?*



Leo tuzungumze jambo ambalo vijana wetu wanalisema pembeni, wakishaona wazee hawapo. Kijana wa miaka 16 analala ziwani usiku kucha akivua dagaa, asubuhi hela inapokewa na baba, yeye hata ndala hana. Binti kaletewa posa, kila mtu kaulizwa isipokuwa yeye. Wakichoka wanauliza: "Naweza kwenda mahakamani nikaachana na wazazi wangu, nikajitegemea?"

Swali hili tusilijibu kwa ukali. Tulijibu kwa elimu.

*1. Sheria inasemaje*

Huko Marekani mlango huo upo kwenye baadhi ya majimbo. Pale California kijana wa miaka 14 anaweza kumwomba hakimu amtangaze kuwa anajitegemea, akionyesha kwamba anaishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao na anaendesha hela zake mwenyewe.

Kwetu Tanzania mlango wa namna hiyo haumo katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na malezi yake ni wajibu wa wazazi. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Inaruhusu kazi nyepesi tangu miaka 14, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi za usiku. Wazee wenye mitumbwi tulisikie hilo. Na nyumba ikiwa na madhara kwa mtoto, mahakama inaweza kumtoa na kumweka chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii.

*2. Dini yetu inasemaje*

Madaraka ya mzazi juu ya mtoto ni amana, na amana ina mpaka na ina muda. Wanazuoni wanataja mambo mawili yanayomfikisha mtoto kwenye madaraka yake.

La kwanza ni *kubaleghe*. Abdullah bin Umar alirudishwa siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akakubaliwa siku ya Khandaq akiwa na miaka 15. Kwa hadithi hiyo wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wakaufanya umri wa miaka 15 ya mwezi kuwa kikomo, kama alama nyingine hazijatangulia.

La pili ni *rushdi*, yaani busara ya kuendesha mali na mambo yake. Katika Suratun-Nisaa aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamuru walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao busara wawakabidhi mali zao mbele ya mashahidi. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi. Na mlezi naye haruhusiwi kukaa tu akingoja: anaamrishwa *kumjaribu* mtoto. Mpe beseni la dagaa apeleke soko la Mwanga, akirudi mhesabu pamoja. Mpe hela ya mawese ya nyumbani uone anarudi na nini. Kijana ambaye hajawahi kukabidhiwa hata elfu tano, utaijuaje busara yake?

*3. "Wewe na mali yako ni wa baba yako"*

Wazee wengi tunaikamata hadithi hii, aliyoipokea Ibn Majah, na kuimalizia hapo. Wanazuoni walio wengi wameieleza kuwa ni ya wema na kusaidia: baba akihitaji, asinyimwe. Haimfanyi baba kuwa mmiliki. Dalili yao ni aya ya mirathi, Suratun-Nisaa 11: mtoto akifa akaacha watoto, kila mzazi anapata sudusi, moja ya sita. Kama mali yote ingekuwa ya baba tangu mwanzo, hiyo sudusi ingekuwa ya nini? Basi jasho la kijana ni lake. Amsaidie baba, ndiyo, tena ana thawabu kubwa. Kumkausha mtoto kila siku huku unasoma hadithi, hapana.

*4. Binti aliyekwenda kushtaki*

An-Nasai amepokea kisa cha binti aliyekuja kwa Bi Aisha (r.a.), akasema baba yake amemwoza kwa mtoto wa ndugu yake ili ajipandishe hadhi, na yeye hakutaka. Bi Aisha akamwambia akae amsubiri Mtume (s.a.w.). Mtume alipofika hakumfukuza wala hakumwita mtovu wa adabu. Alimwita baba yake, kisha akaliweka jambo mkononi mwa binti.

Hapo ndipo binti akasema kwamba ameridhia alichofanya baba yake, ila alitaka wanawake wajue kuwa jambo hili si la akina baba peke yao.

Tuangalie vizuri. Amepewa uamuzi, na kwa hiari yake akarudi upande wa baba. Alikwenda kutafuta haki, hakwenda kuvunja udugu. Watoto wetu wengi wanaosema "nataka kujitoa" ndicho wanachokitafuta: waulizwe.

Na hapa nchini, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya mzazi. Katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba.

*5. Kwa vijana*

▪️ Ukiwa na kinyongo cha kawaida, umenyimwa simu au umekatazwa kutoka usiku, subiri na zungumza. Mtume shangazi, mjomba, babu au imamu akusemee.

▪️ Ukiwa unapigwa vibaya, unaozwa kwa nguvu au unaharibiwa, usinyamaze. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga *116* bure. Huko si kuwaasi wazazi. Kuzuia dhulma ni kumsaidia hata anayedhulumu.

▪️ Hata ukishajitegemea, wema haufutiki. Suratu Luqman aya ya 15 inamtaja mzazi anayemshinikiza mtoto kwenye shirki: asitiiwe katika hilo, lakini akae naye kwa wema. Ikiwa huyo hatupwi, sembuse baba aliyekosea kwenye hela ya dagaa?

*6. Kwa wazazi: kazi ya leo*

Hizi ni siku za mbalamwezi, mitumbwi mingi ya dagaa imepumzika na baba yupo nyumbani. Baada ya tarawehe mwite mwanao, muulize: "Kuna jambo nimekuamulia bila kukusikiliza?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Usipomsikiliza wewe, atatafuta wa kumsikiliza, na si kila atakayempata ana nia njema.

Ewe Mola, wape watoto wetu busara kabla ya uhuru, na utupe sisi wazazi uadilifu kabla ya utiifu wao. Tukubalie funga zetu. Amin.

_Mtumie na mzazi mwenzako. Kesho in shaa Allah tuendelee._ 🌙