Kutoka Pointi hadi Uso: Ukadiriaji wa Mvua ya Woodley kwa Programu za Ramani

Utangulizi

Ramani ya mvua inapochapishwa gazetini, jiji zima la Nairobi huonekana limepakwa rangi bila kubakiza pengo: buluu iliyokolea upande wa Ngong, buluu hafifu upande wa Embakasi. Msomaji wa kawaida huamini kwamba kila mahali palipopakwa rangi palipimwa. Ukweli ni kwamba mvua hupimwa kwenye pointi chache tu, na sehemu nyingine yote ya ramani hiyo ni makadirio. Makala hii inakusudia kueleza jinsi programu ya ramani inavyobadilisha pointi hizo chache kuwa uso wa gridi, na kuonyesha ni wapi mchoraji anaweza kupotoka na kuwapotosha wengine. Mfano unaotumika ni mtaa wa Woodley, uliojengwa enzi za ukoloni kati ya Barabara ya Ngong na Kibera.

Ni vyema kwanza kufafanua istilahi. Uso wa gridi ni eneo lililogawanywa katika miraba iliyo sawa, mfano wa ubao wa drafti, na kila mraba huitwa seli. Kila seli hubeba thamani moja tu: milimita za mvua, kimo cha ardhi, au jambo lolote linalopimika kwa namba. Pointi, kwa upande mwingine, ni mahali halisi penye chombo cha kupimia. Kazi ya programu ni kujibu swali moja kwa kila seli: iwapo pale palipopimwa pana thamani hizi, hapa pasipopimwa pana nini?

Pointi nne, majibu manne

Nairobi ina vituo vya hali ya hewa vinavyojulikana. Kimojawapo ni Dagoretti Corner, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Vingine viko kwenye Uwanja wa Ndege wa Wilson, kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, na Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Kutoka Woodley, Dagoretti iko umbali wa takriban kilomita 3, Wilson kilomita 5, Eastleigh kilomita 10 na Jomo Kenyatta kilomita 17. Tuchukue siku moja ya kubuni, kwa ajili ya zoezi tu, ambapo vituo hivyo kwa mpangilio huo vilipokea milimita 60, 42, 30 na 20.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuipa Woodley thamani ya kituo kilicho karibu zaidi. Hii ndiyo njia ya poligoni iliyoelezwa na Alfred Thiessen wa Marekani mwaka 1911, na jibu lake ni milimita 60. Mwingine atachukua wastani wa vituo vyote vinne na kupata 38. Baina ya hao wawili kuna njia iliyoelezwa na Donald Shepard mwaka 1968, ambayo leo imo katika takriban kila programu ya ramani: kila kituo hupewa uzito kulingana na ukaribu wake, yaani 1 hugawanywa kwa mraba wa umbali. Dagoretti hupata 1/9, Wilson 1/25, Eastleigh 1/100 na Jomo Kenyatta 1/289. Kila uzito huzidishwa kwa mvua ya kituo chake, majibu hujumlishwa, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa jumla ya uzito wote. Woodley hupata milimita 53. Katika hesabu hii, Dagoretti peke yake imechangia zaidi ya theluthi mbili ya uzito, ilhali Jomo Kenyatta imechangia asilimia 2 tu.

Lakini ni nani aliyeamua kwamba umbali upandishwe kwa kipeo cha pili? Mchoraji akibadilisha kipeo hicho kuwa cha kwanza, jibu hushuka hadi milimita 47. Kwa hiyo vipimo vilevile, siku ileile na mtaa uleule vimetoa 60, 53, 47 na 38. Programu haitamwonya mtumiaji kuhusu hitilafu hiyo. Itachora ramani nne, zote nadhifu.

Mtego wa ukingo

Kuna namna ya kuitahini njia yenyewe. Kituo kimoja hufichwa, kisha programu huombwa kukikadiria kwa kutumia vilivyobaki. Wilson ikifichwa katika mfano wetu, hesabu ya kipeo cha pili hutoa takriban milimita 41, na kipimo kilikuwa 42. Mwanafunzi ataridhika na kufunga daftari. Angestahimili kidogo akaificha Dagoretti badala yake, angepata 37 mahali palipopimwa 60.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya kimsingi. Wilson imezungukwa na vituo vingine. Dagoretti iko ukingoni, upande wa magharibi, na hakuna kituo nyuma yake. Njia ya Shepard ni aina ya wastani, na wastani kamwe hauzidi kilicho kikubwa wala hauwi chini ya kilicho kidogo kati ya vile vilivyotiwa ndani yake. Dagoretti ikiondolewa, kilicho kikubwa ni 42, na hakuna hesabu ya aina hiyo itakayovuka hapo. Aidha, ardhi ya Nairobi hupanda kuelekea magharibi: Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ilhali Dagoretti inakaribia mita 1,800, na mvua kwa kawaida huongezeka kadiri mtu anavyopanda. Njia inayojua umbali pekee haijui mlima.

Hapa ndipo mbinu za kina zaidi zinapoingia. Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, alitafuta katika miaka ya 1950 namna ya kukadiria dhahabu iliyo kati ya mashimo machache yaliyochimbwa Witwatersrand. Mfaransa Georges Matheron akaijengea kazi hiyo nadharia na kuiita kwa jina la Krige. Katika krigingi, uzito haubuniwi na mchoraji, bali hutokana na jinsi vipimo vyenyewe vinavyotofautiana kadiri umbali unavyoongezeka. Hali kadhalika, kimo cha ardhi kinaweza kuingizwa kama msaidizi. Jambo lenye thamani zaidi ni kwamba krigingi hutoa ramani mbili: ya makadirio, na ya kiasi cha shaka katika kila seli. Hata hivyo, kwa vituo vinne tu mbinu hii haina pa kushika. Huhitaji makumi ya pointi.

Ukubwa wa seli

Programu kama QGIS, inayopatikana bila malipo tangu ilipoanzishwa mwaka 2002, humtaka mtumiaji kutaja ukubwa wa seli. Wengi huandika namba ndogo kwa kudhani kwamba udogo ndio usahihi. Eneo la kilomita 25 kwa 15 likigawanywa kwa seli za mita 500, hupatikana seli 1,500. Likigawanywa kwa seli za mita 30, hupatikana zaidi ya 400,000, zote zikiwa zimezaliwa na namba nne zilezile. Ukungu umepigwa pasi tu.

Kosa la kinyume lipo pia. Data za mvua za CHIRPS, zinazounganisha picha za setilaiti na vipimo vya ardhini tangu mwaka 1981, zina seli za nyuzi 0.05, yaani takriban kilomita 5.5 kila upande. Seli moja ya namna hiyo yaweza kuimeza Woodley pamoja na Kibera nzima na bado ikabaki na nafasi. Kwa kulinganisha miaka ya ukame nchini, data hizo zinafaa sana. Kwa kuuliza ni kichochoro kipi kitafurika, hazifai.

Kabla ya yote hayo kuna suala la viwianishi. Ramani za zamani za Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya setilaiti hutumia WGS 84. Anayechanganya mifumo hiyo bila kuigeuza husogeza pointi zake kwa takriban mita 300. Mita 300 hutosha kumtoa mtu Woodley na kumtupa Soko la Toi.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika mvua za masika za mwaka 2024, ambapo zaidi ya watu 200 walifariki nchini na serikali ikaamuru wakazi wa kingo za mito wahame. Pale ramani inapotumiwa kuamua nyumba ipi ibaki na ipi ibomolewe, seli ya kilomita 5 au kosa la mita 300 ni suala la paa la mtu.

Si kila kitu hukadirika

Mwanaisimu atashawishika kuitumia mbinu hii katika ramani za lugha. Idadi ya wazungumzaji kwa kila mia moja, au mara ambazo matamshi fulani hutokea, ni namba na zaweza kutandazwa juu ya gridi. Lugha zenyewe haziwezi. Iwapo mzee mmoja wa Kibera amerekodiwa akizungumza Kinubi na kijana wa Woodley akizungumza Sheng, hakuna lugha ya wastani inayozungumzwa katikati ya njia baina yao. Programu, ikiwa imelishwa 1 kwa Kinubi na 2 kwa Sheng, itaandika 1.5 kwenye seli za katikati na kuzipaka rangi yake. Kwa data za aina hiyo poligoni za Thiessen, pamoja na umri wake, ndizo zenye haki zaidi, kwa kuwa humpa kila mzungumzaji eneo lake bila kumchanganya na jirani; na pale ambapo watu wa lugha mbili huishi nyumba moja, hata hizo husema uongo, na pointi tupu juu ya karatasi hutosha.