Mgao wa Sarafu za Mtandao na Mizani ya Mikoba Iliyounganishwa

Tumeulizwa na baadhi ya wasomaji wetu, na khasa vijana, juu ya jambo waliitalo eadropu: kwamba mtu mwenye sarafu za mtandao huambiwa aunganishe mkoba wake mahali fulani, kisha baada ya siku kadhaa akaona ameongezewa sarafu nyengine asizozinunua wala kuzifanyia kazi. Wauliza: je, jambo hili lina asili ya kweli au ni ulaghai mtupu? Na likiwa ni la kweli, mtoaji apata faida gani, na kwa nini humpa zaidi yule aliye nacho tayari? Haya ni maswali mema, na kuyajibu kwa neno moja ni kumdhulumu muulizaji. Kwani ya kweli yako na ya uongo yako, na yote mawili huvaa nguo moja. Sisi hapa tutaiita eadropu kwa jina la mgao, kwa kuwa ndiyo maana yake.

Kwanza yatupasa tuyajue maneno. Sarafu hizi hazina chuma wala karatasi. Ni hisabu iliyoandikwa katika daftari moja ambalo nakala zake zimo katika mashine nyingi za watu mbalimbali duniani, na kila atakaye aweza kulisoma. Ndani ya daftari hilo hamna jina la Ali wala la Fatuma. Mna anwani, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu, na kiasi kilicho chini ya anwani hiyo. Kila anwani ina ufunguo wake wa siri, nao ni tarakimu kubwa mno aijuayo mwenyewe peke yake. Na mkoba, kwa istilahi ya watu hawa, ni programu ya kuhifadhia funguo hizo. Fedha zenyewe hazimo mkobani, zimo daftarini. Msomaji na alishike sana neno hili, kwani yote yajayo yamejengwa juu yake.

Mfano ulio wazi wa mgao kwa mikoba iliyounganishwa ni ule wa sarafu iliyoitwa Byteball, ambayo tangu mwaka 2019 yaitwa Obyte. Aliyeiasisi ni Anton Churyumov, na mgao wake wa kwanza ulikuwa tarehe 25 Disemba 2016. Jumla ya sarafu hiyo iliwekwa kuwa gigabaiti 1,000,000, na kila gigabaiti ni baiti bilioni 1. Muasisi huyu alikuwa na sarafu nyingi, lakini hakuwa na watu wa kuitumia, na sarafu isiyo na watu ni kama jahazi lisilo na mabaharia. Basi akaamua kuigawa sehemu kubwa yake bure kwa watu waliokuwa na Bitcoin, kila mmoja kwa kadiri ya alicho nacho.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mtu aliupakua mkoba wa Byteball, akaitaja anwani yake ya Bitcoin, kisha akatakiwa athibitishe kwamba ni yake kweli, kwa kuwa daftari lasomwa na wote na mtu yeyote angaliweza kuitaja anwani ya tajiri akadai ni yake. Njia za kuthibitisha zilikuwa mbili. Ama alipe kiasi kidogo cha Bitcoin kutoka katika anwani ile ile, ama atie sahihi waraka mfupi kwa ufunguo wake wa siri. Sahihi hii si ya wino. Ni hisabu ambayo ufunguo ule peke yake ndio uwezao kuitoa, na ambayo kila mtu aweza kuihakiki bila ya kuuona ufunguo. Wazee wetu walipopiga muhuri juu ya lakiri, mpokeaji wa barua aliiona alama akamjua mwenyewe, na muhuri ukabaki mfukoni mwa aliyeupiga. Ni jambo lilo hilo.

Katika mgao wa kwanza sehemu ya 10 katika 100 ya sarafu zote iligawiwa, na Bitcoin zilizounganishwa zilizidi 70,000. Kuanzia mwaka 2017 migao iliyofuata ikawekewa wakati wa mwezi mpevu. Wenzetu wafungao siku nyeupe hawatastaajabu kwa kalenda hii, ijapokuwa waliokuwa wamefunga na waliokuwa wakingoja baiti hawakuutazama mwezi kwa nia moja. Kipimo kikawa hiki: kila Bitcoin 16 zilizounganishwa hupata gigabaiti 1, na kila gigabaiti 10 mtu alizokuwa nazo tayari humzalia gigabaiti 1 nyengine. Kwa hivyo mwenye Bitcoin 1 alipata baiti 62,500,000, na mwenye sehemu moja tu katika mia ya Bitcoin alipata baiti 625,000. Bitcoin zake hazikuguswa. Zilibaki kwake, na baada ya mwezi kupita alikuwa huru kuziuza.

Hapa ndipo watu hutoa lawama, wakasema: huyu amempa tajiri kwa utajiri wake na akampunja maskini kwa umaskini wake. Lawama hii ina haki ndani yake, walakini aisemaye na amtazame mtoaji alivyokaa. Mtoaji wa mtandaoni haoni nyuso. Aona anwani, na mtu mmoja aweza kufungua anwani 1,000 kabla chai yake haijapoa. Akisema kila anwani ipate sawa, ataibiwa na wenye anwani nyingi, na waaminifu wenye anwani moja moja ndio watakaopunjika. Lakini mgao ukiwa kwa salio, yule mwenye Bitcoin 16 akizitawanya katika anwani 1,000 hapati hata baiti 1 ya ziada, kwani jumla ni ile ile. Salio halidanganyi kwa kugawanywa.

Wako waliojaribu kugawa kwa vichwa. Mnamo Machi 2014 huko Aislandi ilianza kugawiwa sarafu iitwayo Auroracoin, kila raia apate 31.8, na uthibitisho ukawa ni nambari yake ya uraia. Liliwezekana jambo hilo kwa kuwa nchi ile ina watu wasiofika nusu milioni na kila mmoja ana nambari yake daftarini. Waliopata wengi wakauza, na bei ikaanguka upesi. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2023, tulishuhudia Worldcoin. Hao nao walitaka kumjua kila mtu kuwa ni mmoja, na kipimo chao kikawa ni jicho: mtu atazame ndani ya chombo kilicho mviringo, mboni yake ipigwe picha, naye aahidiwe sarafu 25. Watu walipanga foleni Nairobi katika jumba la mikutano la KICC hadi serikali ilipousimamisha usajili huo tarehe 2 Agosti 2023, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru khabari za miili ya watu zilizokusanywa kwa njia hiyo zifutwe.

Tukizipima njia hizi mbili twaona hivi. Mgao wa salio haumtaki mtu jicho lake wala jina lake, na kwa hilo ni wa heshima zaidi. Lakini hauwezi kamwe kuwa ni msaada kwa maskini, na anayeutangaza kwa sifa hiyo atafuta wateja. Mtoaji ana faida yake: hubakisha sehemu yake mwenyewe, na kila aliyepokea huwa mpiga mbiu wa sarafu ile, kwani yampendeza bei ipande. Gigabaiti 1 ya Byteball iliuzwa kwa mamia ya dola katika mwaka 1 ule wa 2017, kisha katika miaka iliyofuata ikashuka mno. Aliyeiuza mapema alipata kitu. Aliyeingoja ipande zaidi alibaki na namba.

Lipo jambo jengine katika ufundi huu ambalo wengi hawalitambui, nalo ni saa ya kuhesabiwa. Salio halipimwi mwezi mzima. Hupimwa katika nukta moja ya wakati, kama daftari lote limepigwa picha. Aliyeuza dakika moja kabla hana chake, na aliyenunua dakika moja kabla ana haki sawa na aliyekaa na sarafu zake miaka. Faida ya nukta hiyo ni kuwa sarafu moja haiwezi kuzungushwa kutoka mkononi kwa huyu kwenda kwa yule ikahesabiwa mara mbili. Na aliyeziweka sarafu zake kwa wafanyi biashara wa kubadilisha fedha hana ufunguo, na asiye na ufunguo hawezi kutia sahihi. Huyo humtazama mwenye duka: akitaka atampa sehemu yake, na asipotaka hana la kufanya.

Kisha kuna ahadi na kukabidhiwa, na haya hayalingani. Flare iliwahesabu wenye sarafu ya XRP tarehe 12 Disemba 2020. Wakangoja mwaka wa 2021, wakangoja mwaka wa 2022, na mgao ukatolewa tarehe 9 Januari 2023. Nao haukuwa wote, bali sehemu ya 15 katika 100. Baada ya hapo ikapigwa kura, na sehemu iliyobaki ikaamuliwa igawiwe kwa muda wa miezi 36 kwa wale wenye sarafu mpya ya Flare walioifungia kwa utaratibu maalumu, hata kama siku ile ya 2020 hawakuwa na XRP hata moja. Aliyehesabiwa mwanzo, akapokea sehemu yake ya kwanza na kuiuza, hakuwa tena na dai. Wasomao fiqhi katika madhehebu yetu ya Shafii wajua kuwa hiba hailazimu ila kwa kukabidhiwa, na kabla ya hapo mtoaji aweza kurejea. Basi asiwe mtu mwenye kukopa leo kwa tamaa ya mgao wa mwakani.

Na kuunganisha kuna gharama isiyotajwa katika matangazo. Daftari, kama tulivyosema, lasomwa na wote, na kinachomsitiri mtu ni kuwa anwani haina jina. Anapoziunganisha anwani zake tatu katika mkoba mmoja ili apate mgao, huwa amemwambia mtoaji kwa kinywa chake kwamba hizi tatu ni za mtu mmoja. Akiwa pia ameandika nambari ya simu au barua-pepe, basi mwenye orodha ile ajua mtu huyu ni nani na ana kiasi gani, na orodha huibiwa. Katika miji yetu mtu hamwambii jirani kilichomo kashani mwake. Hatuoni kwa nini amwambie asiyemjua.

Sasa tulijibu lile swali la ulaghai, nalo ndilo lenye hatari. Kuonyesha ni jambo moja na kukabidhi ni jengine. Kutia sahihi waraka ulio wazi wa kusema "anwani hii ni yangu" ni kuonyesha. Lakini mikoba mingi ya leo hutengenezwa kwa maneno 12 au 24, na maneno hayo huzaa funguo zote za mwenye mkoba. Kumwandikia mtu maneno hayo ni kumkabidhi kila kitu, na hapana mgao wa kweli unaoyahitaji. Kuna na hila iliyo nyembamba zaidi. Katika sarafu zilizo juu ya daftari la Ethereum na mfano wake, mtu aweza kutia sahihi idhini ya kumruhusu mwengine achukue sarafu kutoka katika anwani yake, na idhini hiyo huonekana kwenye kioo cha simu kama sahihi nyengine yoyote. Mnamo Julai 2022 anwani zaidi ya 70,000 zilirushiwa sarafu ya uongo iliyojifanya ni mgao wa Uniswap. Waliofuata maelekezo yake wakaenda kutia sahihi mahali walipoelekezwa, na mali ya mamilioni ya dola ikatoka mikononi mwa wenyewe. Wezi hawakuvunja mlango. Walifunguliwa.

Kwa hivyo atakaye kushiriki katika mgao na ausome waraka neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, na asipoufahamu auache. Na afungue mkoba mwengine mtupu wa kupokelea, akiba yake ikae mbali. Aliyekwisha kutoa idhini asiyoijua aweza kuifuta daftarini kwa ada ndogo, maadamu haijatumiwa. Ama aliyekwisha kuyaandika maneno yake ya siri mbele ya asiyemjua, hana cha kufuta. Mkoba ule si wake tena, na lililobaki ni kukihamisha kilichosalia kwenda katika mkoba mpya wenye maneno mapya, na kufanya hivyo saa ile ile asingoje asubuhi.