Kabla Hujanunua Betri, Soma Kwanza Hesabu Yake

Kila nilipoiwasha laptopu, kabla hata Windows haijafunguka, maandishi meupe yalitokea kwenye kioo cheusi: betri imechoka, ibadilishwe. Nilikuwa natunga mitihani ya muhula, na umeme mtaani kwetu Temeke ulikuwa haueleweki. Nikapanda daladala hadi Kariakoo, nikafungiwa betri niliyoambiwa ni mpya, nikalipa. Baada ya wiki tatu onyo likarudi, maneno yaleyale.

Safari hii niliiuliza mashine yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport, ukiacha nafasi kabla ya mkwaju. Itakuonyesha faili ilipohifadhiwa. Ifungue kwa kivinjari chochote. Usihangaike na majedwali yote yale. Tafuta DESIGN CAPACITY, yaani ujazo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo inaoweza kubeba leo. Yangu ilisoma 41,040 mWh na 22,900 mWh. Ukigawanya, ni kama asilimia 56. Chini yake CYCLE COUNT, idadi ya mizunguko ya chaji, ilisema 412. (Laptopu nyingine huacha mstari huu wazi.) Wiki tatu haziwezi kuzaa mizunguko 412, nilikuwa nimeuziwa betri iliyokwisha kutumika. Niliirudisha dukani pamoja na ripoti, na muuzaji alipoiona namba ile hakubisha. Betri aliyonibadilishia tuliipima palepale kaunta.

Windows 7 ilikuwa ikitoa onyo lake ujazo uliposhuka chini ya asilimia 40 ya ule wa kiwandani. Mimi sisubiri kufika huko. Ikishuka chini ya 50 naanza kuweka akiba, kwa sababu umeme ukikatika nataka nimalize ninachoandika.

Lakini onyo huweza pia kukosea. Laptopu ya dada yangu ilikaa kwenye chaji miezi mingi bila kuchomolewa, na kipimo cha ndani ya betri kikapoteza hesabu. Ripoti ilisema asilimia 58. Tuliichaji hadi 100, tukaiacha saa mbili kwenye umeme, tukachomoa, akaitumia mpaka ikazima yenyewe, kisha tukaijaza tena bila kukatiza. Ripoti mpya ikasoma 79, onyo likatoweka. Usilifanye zoezi hili kila wiki, maana betri za lithiamu huchoka zaidi zikimalizwa kabisa. Siku hizi laptopu yake, ambayo haitoki mezani, ameiwekea kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 kwenye programu ya mtengenezaji. Joto la Dar es Salaam pamoja na chaji iliyojaa muda wote huila betri haraka.

Hesabu zote hizi ziache betri ikivimba. Mwalimu mwenzangu alilalamika kwamba sehemu ya kugusia chini ya kibodi haibonyezeki tena, na laptopu inayumba mezani. Alitaka kuikandamiza irudi. Nikamzuia, tukaizima na kuchomoa chaji. Fundi alipofungua mfuniko, betri ilikuwa imetuna kama andazi. Hakuichokoa kwa bisibisi. Aliilegeza taratibu, akaiweka nje kwenye sufuria ya mchanga, mbali na watoto, akaondoka nayo jioni.