Pampu ya mafuta iko kimya

Swali: Fundi, pikapu yangu, Ford F-150 ya 1994, inapiga stata lakini haiwaki. Pampu haisikiki kabisa. Ninunue mpya?

Jibu: Usinunue bado, ndugu. Ukifungua swichi ya ufunguo, pampu huvuma kama sekunde 1. Ikiwa kimya, angalia fyuzi na rilei, kisha swichi ya usalama chini ya dashibodi, upande wa abiria. Gari likigongwa, swichi hiyo hukata umeme. Bonyeza kitufe chake kuirudisha. Halafu pima volti kwenye plagi ya pampu ikiwa imeunganishwa, mwenzako akifungua swichi ya ufunguo. Ukikosa umeme au ukipata volti 8, shida ni waya au rilei. Ukipata 12, safisha ethi iliyoshika kutu. Ethi ikiwa nzima, hapo ndipo ubadilishe pampu.